Jembe la Mgeni

Bogna ananiwekea sumaku kifuani,
duara jeusi, baridi kama kitasa cha Januari,
na moyo, bila kuniomba ruhusa,
unashika mwendo wa mashine.
Mwaka jana ulikwenda themanini na tano.
Leo anatazama kioo, anaandika, anasita.
"Sitini na tano. Bwana Gerwazy, betri imeanza kuaga."
Miezi mitatu, anasema, wala usihofu,
kwa sauti ya fundi bomba
anayezungumzia mfereji unaodondoka.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wangu sikumpa hata kikombe cha chai.
Aliingia asubuhi, chini kidogo ya mtulinga,
na kabla sijafumbua macho alikuwa shambani, analima.
Miaka kumi analima.
Usiku nikilala chali ninamsikia.
Hapana, nasema uongo. Hasikiki.
Watu huniuliza kama anagonga kama saa;
huwajibu ndiyo, ili wafurahi.

Nilikuwa mchomeleaji, kiwanda cha meli, Gdynia,
miaka thelathini na mmoja ya cheche shingoni.
Siku waliyonipa mapigo wakaninyang'anya moto:
umeme wa kuchomelea, walisema, ungemchanganya mgeni.
Barakoa yangu nikaitundika msumarini.
Felicja, ambaye hakupenda kitu kikae bure,
aliijaza udongo akapanda vitunguu vya majani.
Yeye hayupo. Vitunguu vipo.

Ghorofa ya nne, hakuna lifti, vidato sabini na viwili.
Zamani nikipanda, mgeni naye alipanda.
Sasa anabana matumizi:
kidato cha kwanza, sitini na tano,
kidato cha hamsini, sitini na tano.
Nikilikimbilia basi la nyaya, sitini na tano.
Nikikuta kitana cha Felicja nyuma ya droo,
na unywele mmoja bado umo,
sitini na tano.

Kalina, ana miaka sita, alikuja na waya wa simu.
"Babu, si tukuchomeke ukutani?"
Akatafuta tundu kifuani pangu,
akakuta kovu tu,
akalibonyeza kwa kidole, akasubiri kidogo,
akaniuliza kama nimejaa.

Kliniki wana kimoja cha kuonyesha wagonjwa.
Nilikiomba nikishike.
Chepesi, laini, mfano wa kokoto la ufukweni,
na pembeni pake, pande zote, mshono.
Nilivaa miwani. Nilikipeleka dirishani.
Mwembamba kuliko uzi, haukuvimba, haukutoboka,
hauna hata kipovu kimoja.
Bogna alikuwa akieleza habari za dawa ya ganzi
na mimi sikusikia neno.
Nani aliyeuchomelea huu?
Binadamu au mashine, nilimwonea wivu,
kisha nikaona haya:
kazi ya mwenzangu imelala ndani yangu miaka kumi
na sijawahi hata kuikagua.

Watapasua palepale.
Nyaya hawatazigusa, zimekwisha ota mizizi;
watabadilisha kile kisanduku tu.
Yaani mkulima anaondoka, jembe linabaki.
Niliuliza kama nitapewa yule wa zamani nikamweke nyumbani,
pale kwenye barakoa, katikati ya vitunguu.
Bogna akasema ni taka ya hospitali, ina fomu yake.

Leo nimepanda na kilo tatu za viazi.
Kwenye ghorofa ya tatu nikaketi kidatoni.
Bi Teofila akafungua mlango ghafla,
eti anakung'uta zulia ambalo halina vumbi.
Hakuniuliza kitu.
Alichukua mfuko wa viazi, akatangulia juu,
polepole, akisimama kila baada ya vidato vitatu
kulalamikia goti ambalo jana lilikuwa zima.
Nami nikamfuata,
sitini na tano, sitini na tano,
na kwa mara ya kwanza tangu Machi
mwendo ukatutosha.